Kutu Hula Mafichoni

Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakijiandaa kuiacha Kigoma, mafundi watatu walibebeshwa kazi ya kuizamisha meli waliyoiunga kwa mikono yao. Majina yao yamehifadhiwa: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliifuata meli hiyo, Graf von Götzen, tangu kiwanda cha Meyer huko Papenburg, ikisafiri vipande vipande ndani ya makasha yapatayo 5,000, kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Ziwa Tanganyika. Huko waliiunga upya kwa ribiti, ikashushwa majini Februari 1915. Sasa amri ilikuwa moja: isimwangukie adui ikiwa nzima. Mwenye haraka angetega baruti akaondoka zake. Watatu hawa walifungua mapipa ya grisi.

Waliipaka injini yote tabaka nene. Meli wakaijaza mchanga, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi tarehe 26 Julai, katika kina cha mita 20 hivi, mahali ambapo mzamiaji angeweza kushuka na kamba zake. Ilikuwa namna ya kutii amri huku wakiikwepa. Wabelgiji waliiopoa baada ya vita, ikazama tena. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, wakaikuta injini ingali na uhai wake, na mwaka 1927 meli ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea kuizungusha rafadha hadi miaka ya 1970, zilipong'olewa kupisha dizeli.

Haki itendeke: ziwa nalo lilisaidia. Maji ya Tanganyika ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari, na yana tabia ya magadi kidogo, na chuma hustahimili maji ya namna hiyo kuliko maji yenye uchachu. Hata hivyo, miaka minane chini ya maji ni miaka minane. Grisi nene hufukuza vitu viwili ambavyo kutu haiwezi kuishi bila kimojawapo, maji na hewa, lakini hufanya hivyo pale tu ilipofika. Uso mpana wa silinda unaweza kupakwa na yeyote mwenye kitambaa. Anayestahili heshima ni aliyepeleka kidole chake chenye grisi kwenye upenyo kati ya boliti na wosha, nyuma ya mkono wa pistoni, ndani ya kitundu cha mafuta. Kazi nzima ya kukilinda chuma viwandani, tangu enzi zile hadi leo, inaegemea ujuzi huo wa kujua mahali.

Chuma hakitoki ardhini kikiwa chuma. Hutoka kikiwa mawe mekundu, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni, na tanuri ndilo linaloachanisha hao wawili kwa moto mkali. Tangu siku hiyo, kama watalaka wasiosahauliana, wanatafuta namna ya kurudiana. Maji huwa mshenga, na chumvi humwongezea mshenga kasi ya miguu.

Namna wanavyorudiana ilionyeshwa vizuri na Ulick Evans, mwanasayansi wa Cambridge, katika miaka ya 1920, kwa jaribio ambalo mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kulirudia. Alisugua bamba la chuma hadi likang'aa, akadondosha juu yake tone la maji ya chumvi. Ndani ya tone alikuwa ametia dawa mbili za kubadili rangi: moja huwa buluu pale chuma kinapoyeyuka, nyingine huwa waridi pale oksijeni inapoyageuza maji kuwa ya magadi. Baada ya muda mfupi tone liligawanyika. Ukingoni, ambako maji ni membamba na hewa inapenya kwa urahisi, palikuwa waridi. Katikati, chini ya kina cha tone ambako hewa haifiki haraka, palikuwa buluu. Kati ya hizo mbili, pete ya kahawia: kutu yenyewe.

Ukilitazama tone hilo kwa utulivu, mambo mengi ya karakana yanaeleweka. Chuma kinaliwa katikati, palipo na uhaba wa hewa. Elektroni zinazobaki husafiri ndani ya bamba hadi ukingoni, ambako oksijeni inazipokea. Kutu inajikusanya mahali pa tatu, ambapo si jeraha wala chanzo cha hewa. Kwa hiyo ile kahawia inayomtia mwenye mali hofu ni takataka za karamu iliyofanyika pembeni. Ndiyo maana nguzo ya chuma huoza pale inapoingia kwenye zege au udongo, na mabamba mawili yaliyolazwa moja juu ya jingine huoza katikati ya maungio, wakati kwa nje yanaonekana safi. Ndiyo maana pia mkaguzi mzuri hababaishwi na doa kubwa jekundu ubavuni mwa tangi. Anaufuata mchirizi kwenda juu, hadi kwenye kichwa cha boliti au mshono wa kuchomelea wenye mwanya, na hapo ndipo anapogonga kwa nyundo yake ndogo na kusikiliza. Bamba zima hulia. Lililoliwa hujibu kwa sauti butu.

Kabla ya Evans, mafundi walikuwa wameshalihisi jambo hili bila kulijulia sababu. Mwaka 1761 Jeshi la Majini la Uingereza liliivika manowari yake HMS Alarm mabamba ya shaba sehemu iliyo chini ya maji, ili kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Meli ikaenda Karibi. Ilipokaguliwa mwaka 1763, mbao zilikuwa salama lakini baadhi ya mabamba yalikuwa yakining'inia, kwa kuwa misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Mingine, hata hivyo, ilikuwa mizima. Shaba ile ilifika kwa mafundi ikiwa imefungwa karatasi ya kaki, na sehemu nyingine haikubanduliwa yote. Palipobaki karatasi kati ya shaba na msumari, msumari ulinusurika.

Uvivu wa mtu asiyejulikana, aliyeona hapana haja ya kubandua karatasi, ulifundisha jambo ambalo leo limo katika kila kiwanda chenye mabomba: metali mbili tofauti zisigusane ndani ya maji. Zikigusana, iliyo dhaifu huliwa kwa niaba ya mwenzake. Siku hizi kazi ya karatasi ya kaki hufanywa na wosha na mikono ya plastiki inayovikwa boliti pale bomba la chuma linapokutana na la shaba. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walikuwa na dawa yao: msumari wa chuma uliviringishiwa pamba iliyolowa mafuta kabla haujapigwa mbaoni, maji yasipate njia ya kuufuata. Mtepe wa Lamu, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, haukuwa na shida hii kabisa, ingawa ulikuwa na zake nyingine.

Palipo na metali mbili pana pia kanuni inayowashangaza hata mainjinia vijana. Tuseme chuma kimeunganishwa na shaba na huwezi kuvitenganisha, na una rangi ya kupaka upande mmoja tu. Akili ya kawaida inasema upake chuma, maana ndicho kinachooza. Fundi mzoefu hupaka shaba. Rangi ya juu ya chuma haikosi mkwaruzo, na mkwaruzo huo, ukikabiliwa na uso mpana wa shaba ulio wazi, huliwa kwa kasi hadi kutoboka. Ukifunika shaba, unapunguza mlaji. Hili ni jambo dogo, lakini ukimwona mtu analifanya bila kuambiwa, jua uko mikononi mwa fundi.

Mwaka 1823 jeshi lilelile la majini lilimwendea Humphry Davy, mkemia maarufu wa London, kwa kuwa sasa shaba yenyewe ilikuwa inaisha haraka baharini. Davy alijibu kwa wazo zuri: ambatisha vipande vidogo vya chuma au zinki kwenye shaba, bahari ivile hivyo badala ya shaba. Alijaribu kwenye HMS Samarang na meli nyingine, na shaba ikaacha kuliwa, kama alivyosema. Lakini meli zilirudi zikijikokota, mwani na viumbe wa magamba wameganda chini tele. Shaba ilikuwa inawafukuza viumbe hao kwa kuyeyuka kidogo kidogo na kuwatilia sumu. Ilipoacha kuyeyuka, ikawa makazi yao. Vipande vya Davy vikaondolewa. Kemia yake ilikuwa sahihi kabisa, ila shaba ya meli ilikuwa na kazi ya pili ambayo hakuihesabu.

Wazo lenyewe halikufa. Meli za chuma zilipokuja, zilizofungwa rafadha za metali ya jamii ya shaba nyuma yake, zinki ilipata kazi ya kudumu. Ingia kwenye chelezo lolote meli ikiwa imepandishwa, nenda nyuma karibu na usukani, utaona vipande vya zinki vimefungwa safu, vingine vimeliwa hadi kubaki mfano wa sifongo. Hizo ni kafara za kazi hii, na mafundi huzisoma kwa makini. Kilicholiwa kimefanya kazi. Kinachotia wasiwasi ni kile kinachorudi kizima baada ya miaka miwili baharini, sura ileile ya kiwandani, kwani maana yake hakikushikana sawasawa na mwili wa meli, na kuna chuma mahali fulani kilicholiwa badala yake. Kila chelezo lina kisa cha kibarua mwenye bidii aliyepaka rangi kila kitu, zinki zikiwemo. Zinki iliyopakwa rangi ni pambo tu.

Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyushwa, na hapo ndipo yalipotokea mabati yanayotufunika. Bati likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni ya mkwaruzo huliwa kwanza na kukihifadhi chuma kilichobaki wazi. Fundi wa paa anayeijua kazi hukata bati kwa mkasi. Anayekata kwa grinda anarusha cheche za chuma cha moto zinazonasa juu ya bati jipya, na mvua ya kwanza inazigeuza vidoa vya kahawia paa zima. Mwenye nyumba humlaumu mwuza mabati.

Kwa mabomba marefu ya mafuta na gesi yaliyofukiwa ardhini, vipande vya zinki havitoshi. Umeme wa moja kwa moja unasukumwa kutoka ardhini kuingia bombani, ili bomba lote liwe upande wa waridi wa lile tone la Evans. Mhandisi Robert Kuhn alifanya hivyo New Orleans mwaka 1928, na kipimo alichokishikilia, volti 0.85 chini ya sifuri, kingali kinatumika. Sehemu ninayoipenda ni ya mpimaji. Anatembea juu ya bomba asiloliona, mkononi ana mrija wenye kijiti cha shaba ndani ya maji ya buluu ya salfeti ya shaba. Anaugusisha ardhini, anasoma mita, anaandika, anaendelea mbele. Kilomita kwa kilomita, msituni na mashambani, anaulizia hali ya kitu kilicho chini ya nyayo zake, na tarakimu ikishuka anajua kwamba hapo ganda la bomba limechubuka.

Lakini sehemu kubwa ya vita hivi ni ya rangi, na katika rangi sehemu kubwa si rangi. Hapo ndipo wenye fedha na wenye ujuzi wanapogombana. Mwenye meli anataka kuona rangi mpya. Fundi anataka siku nne zaidi za kutopaka chochote.

Kazi ina mpangilio wake, na kuupindua ni kuiharibu. Kwanza mafuta na grisi huondolewa kwa sabuni au kiyeyushi. Ukianza kwa kupiga mchanga, unayasambaza tu. Kisha chuma huoshwa kwa maji baridi yenye shinikizo kubwa ili chumvi itoke, maana chumvi iliyobaki hushindiliwa ndani ya vishimo vya chuma na kufunikiwa humo. Ndipo unapokuja upigaji: hewa yenye nguvu inarusha chembe kali, ambazo siku hizi huwa za takataka ngumu za tanuri la shaba au vito vya ganeti badala ya mchanga wa ufukweni, kwani vumbi la mchanga huua mapafu ya mpigaji. Hata aliyevaa kofia yenye hewa yake hutoka humo amechoka na masikio yameziba.

Shabaha inaitwa Sa 2½, daraja lililoanzia katika viwango vya Sweden. Hiyo nusu ina maana. Daraja la 3 ni chuma cheupe kabisa bila doa. 2½ huruhusu vivuli hafifu vilivyobaki kama alama, na hupimwa kwa jicho likilinganisha bamba na picha za kitabuni. Miaka ya mazoezi imo katika kulitofautisha doa la kivuli na doa la kutu. Uso pia huachwa na ukwaru, mara nyingi wa mikroni 50 hadi 75, ili rangi ipate pa kung'ang'ania. Kisha mkaguzi anabandika kibandiko kidogo chenye mfuko, anaingiza maji safi kwa sindano, anayavuta tena na kupima yanavyopitisha umeme. Chumvi ikizidi kiwango, kuosha kunaanza upya, na hapo hata watu wapole hutoa maneno makali.

Chuma kilichopigwa kikawa tupu hakikai. Pwani, saa chache tu zinatosha kukipa rangi ya dhahabu isiyopendwa na mtu. Fundi anashindana na saa, lakini pia haruhusiwi kuanza wakati wowote. Bamba linatakiwa liwe na joto linalozidi walau kwa nyuzi 3 kile kiwango ambacho unyevu wa hewani hugeuka umande. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 80, umande unaanza kwenye nyuzi 26 hivi. Bamba lenye nyuzi 30 linapita. Unyevunyevu ukipanda hadi asilimia 90, umande unaanza kwenye 28, na bamba lilelile limekataliwa, ingawa ukilipapasa ni kavu. Mombasa au Tanga, asubuhi za masika, kikosi kizima hukaa kivulini kikisubiri jua lipashe ubavu wa meli. Mpita njia huona vibarua waliolala. Msimamizi anayewaacha wasubiri ndiye msimamizi bora.

Brashi ya kwanza haiendi kwenye uwanja mpana wa bamba. Inakwenda kingoni, kwenye mishono ya kuchomelea, vichwa vya boliti, pembe za mataruma, na pembezoni mwa kila tundu. Rangi ikiwa bado majimaji hujivuta kutoka kwenye makali, kwa hiyo bunduki ya rangi ikipita mara moja huacha kingo zikiwa na tabaka jembamba kuliko popote, na kutu huanzia hapohapo. Kabla ya hapo makali yenyewe yamesagwa yakawa mviringo. Kazi hii ya brashi ni ya kupiga magoti na kujikunja, hasa ndani ya matangi ya farumi, ambako fundi anatambaa kwa tochi katikati ya mbavu za meli, na sehemu nyingine anapaka kwa kutazama kiooni. Ukitaka kumjua mpaka rangi, usiangalie ubavu wa meli unaong'aa mbele ya wageni. Omba uruhusiwe kushuka kwenye tangi.

Uskoti kuna Daraja la Forth, lililofunguliwa mwaka 1890, na Waingereza walilifanya mfano wa kazi isiyokwisha: mafundi wakimaliza kulipaka upande mmoja, walisema, wanarudi kuanza upande mwingine. Watu walicheka, lakini ndani ya mzaha kulikuwa na hesabu ya ufundi. Rangi mpya iliwekwa juu ya ya zamani miaka nenda miaka rudi, na udhaifu wa tabaka la chini ukarithiwa na la juu. Mwisho waliondoa zote hadi chuma tupu, wakapaka tabaka za epoksi yenye vipande vidogo vya kioo katika eneo la mita za mraba zipatazo 230,000. Kazi ilimalizika Desemba 2011, na rangi hiyo ilitarajiwa kudumu miaka 25 au zaidi. Mzaha uliodumu miaka mingi ukafutwa na watu walioamua kuanza chini.

Kazi za namna hii huacha nyuma madaftari. Mkaguzi anaandika kila siku: joto la hewa, joto la bamba, unyevunyevu, kipimo cha chumvi, namba ya kopo la rangi, saa ya kuanza na ya kumaliza, unene wa tabaka likiwa bichi na likiwa kavu, jina la aliyeshika bunduki. Kwa msomaji wa kawaida hakuna maandishi makavu kuliko hayo. Miaka kumi baadaye malengelenge yakijitokeza kwenye bamba moja kati ya mia, daftari linafunguliwa, kidole kinateremka kwenye safu, na mara nyingi linapatikana alasiri moja ambapo wingu lilipita, bamba likapoa, na mtu fulani akaona afadhali amalizie kipande kilichobaki kuliko kurudi kesho.